Kilo za Mama, Kilomita Zangu

Mwezi wa Aprili, kwa wiki tatu mfululizo, nilikuwa nalala saa saba usiku kwa sababu ya kompyuta ya baiskeli. Nasema kile kidude kidogo kinachofungwa kwenye usukani, kinachosikiliza satelaiti na kukuambia uko wapi, unaenda kasi gani, na umepanda mita ngapi tangu asubuhi. Kwenye simu nilikuwa na kurasa kumi na mbili wazi: Garmin, Wahoo, Hammerhead, Bryton, iGPSPORT, XOSS. Hiki kina ramani, kile hakina. Hiki ni cha vitufe, kile ni cha kugusa skrini. Akiba yangu ilikuwa shilingi 45,000. Kila usiku nilijiambia kesho naamua, na kesho yake nafungua ukurasa wa kumi na tatu.

Kama umewahi kununua simu, viatu vya kukimbia au hata godoro kwa intaneti, huo ugonjwa unaujua. Unasoma hadi unajua kila kitu kuhusu kifaa, na bado hujui unakitakia nini. Mimi sikuponywa na maoni ya wanunuzi wala video za YouTube. Niliponywa na maziwa yaliyomwagika.

Lakini wacha nianze na mahali.

Kwetu ni Konoin, kaunti ya Bomet. Kazi yangu iko Nairobi, ila ni kazi ya laptop, kwa hivyo miezi kadhaa kwa mwaka narudi nyumbani kukaa na mama. Baiskeli yangu ni ya mtumba, ya tairi nene kiasi, inayovumilia lami na murram. Asubuhi naendesha hadi Litein. Siku miguu ikikubali nafika Kericho mjini na kurudi. Huku tuko kwenye mita 2,000 hivi juu ya bahari na barabara haijui tambarare. Unashuka mtoni, unapanda. Unashuka mto mwingine, unapanda tena. Pande zote ni chai, imekatwa sawasawa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi.

Ukiishi huku, ile orodha ndefu ya vifaa inajipunguza yenyewe. Mvua yetu huja mchana, na mara nyingine huja na mawe. Kericho inajulikana hata nje ya Kenya kwa mvua ya mawe. Skrini ya kugusa ikinyeshewa inachanganyikiwa, tone la maji linabonyeza kama kidole, na glavu zikilowa ndiyo mbaya zaidi. Kwa hivyo vitufe. Halafu kuna hizi mita za kupanda. Satelaiti hujua vizuri uko wapi juu ya ramani, lakini kwa urefu wa kwenda juu hubahatisha zaidi, ndiyo maana vifaa vizuri vina sensa ya presha ya hewa: ukipanda, hewa inakuwa nyepesi, nacho kinahesabu. Shida ni kwamba dhoruba ikikaribia presha hushuka pia, na kidude masikini kinadhani ni wewe umepanda. Kisha kuna mikaratusi, ile ambayo viwanda vya chai huipanda kwa kuni. Chini ya miti minene ndani ya bonde mawimbi ya satelaiti huzuiwa na kugongagonga, na mstari wa safari yako unaanza kuyumba kama mlevi anayerudi nyumbani.

Na ramani. Vifaa vya bei nafuu kwa kawaida hukupa mstari tu wa kufuata, bila barabara nyingine yoyote kwenye skrini. Vya bei juu vina ramani kamili, na nyingi ya hizo ramani zimejengwa juu ya OpenStreetMap, ambayo huchorwa na watu wa kujitolea. Kenya tunaikumbuka kwa Map Kibera ya mwaka 2009, vijana walipozunguka na vifaa vya GPS kuchora mtaa ambao kwenye ramani nyingi ulikuwa doa tupu. Kwetu barabara kubwa za murram zimo. Vinjia vya miguu havimo.

Hayo yote niliyajua kufikia wiki ya pili. Nilijua kipi ni bora. Sikuwa nimejiuliza bora kwa kufanya nini.

*

Rafiki yangu wa Nairobi alikuwa ameniazima kifaa chake kwa mwezi mmoja, nijaribu kabla ya kutoa pesa. Kilikuwa na kitu kimoja nilichokipenda kupita kiasi: mwenzi wa kufikirika. Unakipa safari uliyowahi kufanya, nacho kinaweka kwenye skrini kidoti kinachoendesha kwa kasi ile ile ya siku hiyo. Unashindana na wewe wa juzi. Ukiwa mbele, namba ni ya kijani. Ukiwa nyuma, nyekundu.

Kuna kilima upande wa Litein, kama kilomita 2, ambacho nilikuwa nakipanda kwa dakika 9 na ushee. Jumanne moja asubuhi nilijikuta mbele ya yule mimi wa juzi kwa sekunde 22. Sijawahi. Macho yalikuwa kwenye skrini, pumzi fupi, na kichwani neno moja tu: usisimame, usisimame.

Katikati ya kilima kulikuwa na mzee mmoja. Black Mamba yake ilikuwa imelala kando ya lami, mitungi miwili ya maziwa imefungwa nyuma kwa mipira. Mmoja ulikuwa umefunguka. Alikuwa amepiga goti, mkono mmoja unajaribu kuinua baiskeli, mwingine unajaribu kuziba mtungi. Nilimwona. Nataka kulisema hilo wazi kwa sababu siku mbili tatu zilizofuata nilijidanganya kwamba sikumwona vizuri. Nilimwona, nikaona weupe ukiteremka kwenye lami, nikasikia ameita kitu, na nikaendelea kukanyaga pedali. Nilifika juu nikiwa mbele kwa sekunde 31.

Nilisimama pale juu nikiitazama hiyo 31. Kisha nikageuza baiskeli nikashuka. Alikuwa ameshaondoka. Palikuwa na mchirizi mweupe na mbwa wawili wanaulamba.

Maji yakimwagika hayazoleki, na maziwa ndiyo kabisa. Lakini nilibaki na swali ambalo si la maziwa. Mimi si mtu mbaya. Najua kila mtu husema hivyo. Ningekuwa natembea, ningesimama bila kufikiria. Ningekuwa kwenye matatu, ningepiga kelele dereva asimame. Sasa ni nini kilichotokea kwa yule mtu anayesimama?

Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi wa theolojia huko Princeton. Kila mwanafunzi aliambiwa aende jengo jingine kutoa hotuba fupi, na baadhi yao mada yao ilikuwa mfano wa Msamaria Mwema. Njiani aliwekwa mtu amejikunja mlangoni, anakohoa na kuugua. Kati ya walioambiwa wana muda wa kutosha, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Kati ya walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Mada ya hotuba haikuleta tofauti ya maana. Yaani kuna watu walimpita mgonjwa wakienda kuhubiri juu ya kutompita mgonjwa.

Haraka haraka haina baraka: tumeiimba tangu darasa la pili. Tulidhani methali inasema ukifanya haraka utaharibu kazi yako. Jaribio lile linaonyesha jambo la kutisha zaidi, kwamba ukiwa na haraka unaweza kuifanya kazi yako vizuri sana na ukaharibu kitu kingine ambacho hukukihesabu kuwa kazi. Hata hivyo wale wanafunzi walikuwa na mtu anayewasubiri. Mimi nilikuwa nimechelewa kwa nani? Kwa kidoti. Haraka yangu haikuwa ya mtu yeyote. Ilikuwa bidhaa, na nilikuwa nimepanga kuilipia 45,000.

*

Najua utetezi. Kidude hakikuniambia nimpite mzee. Kisu hakiui, ni mkono. Sawa. Lakini nikiweka kisu mezani na nikiweka kijiko, mlo hautakuwa ule ule. Kila chombo kina jambo kinaloliweka mbele ya macho yako na mengine kinayoyaacha gizani. Skrini ile ilikuwa na nafasi ya namba nane: kasi, mapigo ya moyo, mteremko, sekunde za mbele au nyuma. Hakuna kisanduku cha mzee.

Wachumi wana kanuni iliyopewa jina la Charles Goodhart, Mwingereza aliyeliandika wazo hilo mwaka 1975 akizungumzia sera ya fedha. Baadaye mwanaanthropolojia Marilyn Strathern aliipa umbo ambalo watu wengi hulikumbuka: kipimo kikishakuwa lengo, kinaacha kuwa kipimo kizuri. Tumeiona shuleni. Mtihani ulikuja kupima kama umeelewa. Ukaishia kuwa ndicho kitu chenyewe cha kuelewa. Mwanafalsafa C. Thi Nguyen ameisogeza mbele hadi mifukoni mwetu. Anasema tunaingia mahali na thamani zetu zenye utajiri, ambazo hata hatuwezi kuzieleza vizuri, kisha tunapewa namba rahisi, na polepole namba inaziteka. Ulianza kukimbia ili upumue. Sasa unazunguka meza ya sebuleni saa tano usiku ili saa yako ifikishe hatua 10,000.

Ugonjwa huu hauchagui mkulima wala bingwa. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufundishwa baiskeli na David Kinjah kwenye barabara za Kikuyu, kisha akashinda Tour de France mara nne. Kule Ulaya watazamaji walimjua kwa jambo moja: kichwa chini, macho kwenye skrini inayoonyesha wati anazozalisha. Wapinzani kama Alberto Contador na Nairo Quintana waliwahi kusema vipima nguvu vipigwe marufuku kwenye mashindano kwa sababu vinaua ujasiri. Mtu hashambulii tena kwa moyo, anafuata hesabu. Hoja yao siioni kuwa ya wivu tu. Walikuwa wanauliza mchezo ni wa nini.

*

Hapa ningeweza kumalizia: zima kifaa, inua macho, sikiliza ndege wa Mau. Insha kama hizo ziko nyingi, na mara nyingi huandikwa na watu ambao hawajawahi kuibiwa kwenye mizani.

Mama yangu ana ekari moja na nusu ya chai. Siku ya kuchuma anaamka kabla ya jogoo, na kufikia saa nne majani mabichi yako kwenye gunia, majani mawili na chipukizi, bila vijiti. Lakini kabla hayajaenda kituo cha kununulia, yanapita chini ya mparachichi nyuma ya jikoni. Pale kuna mizani ya springi, ya kuning'iniza, imeshika kutu kwenye ndoano. Anapima. Anaandika kwenye daftari la shule la kurasa 96: tarehe, kilo za nyumbani. Akitoka kituoni anaandika kilo za kituo. Nguzo mbili, mwaka baada ya mwaka.

Hizo nguzo mbili hazifanani kamwe, na kuna sababu za haki. Majani yakisubiri lori hunyauka na kupoteza uzito. Uzito wa gunia hukatwa. Yakiwa yamelowa mvua, karani hukata na maji. Lakini mama anajua kiasi cha haki ni kipi, kwa sababu ana daftari. Kulikuwa na msimu mmoja, nikiwa kidato cha pili, tofauti ilipanda kutoka kilo moja hadi tatu, kila siku, hata siku za jua. Akabeba daftari hadi kwenye mkutano wa wakulima. Hakupiga kelele. Alisoma tarehe na kilo, tarehe na kilo, hadi watu wakaanza kukimbia nyumbani kuleta zao. Mizani ilibadilishwa. Kilo mbili kwa shilingi ishirini na kitu ni kama hamsini. Zidisha kwa siku za kuchuma, zidisha kwa wakulima wa kituo kizima, utaona kwa nini karani hakutuaga.

Kwa hivyo sitaki kusikia kwamba kupima ni ubaya wa kisasa. Kwa mtu mnyonge, kipimo chake mwenyewe ndio ushahidi pekee alio nao. Tofauti kati ya mama na mimi pale kilimani haiko kwenye namba. Mama aliuliza swali kwanza, naibiwa au siibiwi, kisha akatafuta chombo cha kulijibu. Jibu likipatikana, mizani inarudi kwenye ndoano na yeye anaenda kupika chai. Mimi nilipokea chombo kwanza, nacho kikaniletea swali lake: uko mbele au nyuma? Sikuwa nimeuliza hilo. Nilianza kuendesha baiskeli baada ya baba kufariki kwa sababu ndani ya nyumba palikuwa kimya mno. Hakuna mahali kwenye hilo ambapo sekunde 31 zinaingia.

Na kuna upande mwingine wa mizani ambao kila mtu wa nchi ya chai anaujua. Kwenye mashamba makubwa ya Kericho na Bomet mchumaji hulipwa kwa kilo. Kisha zikaja mashine za kuchuma, na mwezi wa Mei 2023 waandamanaji walizichoma moto baadhi yake huko Kericho, na mtu akapoteza maisha. Mimi sitetei moto. Lakini nilipokuwa nikisikiliza mabishano ya redioni, niliona jinsi yalivyoinama upande mmoja tangu mwanzo. Kama swali ni kilo ngapi kwa siku, mashine imeshinda kabla mtu hajafungua mdomo. Kila kitu ambacho kingemtetea mchumaji kilikuwa nje ya mizani: kwamba anachagua kwa macho, kwamba mshahara wake unasomesha watoto wa dadake, kwamba mji mdogo wa sokoni unaishi kwa Ijumaa yake ya malipo. Ukikubali kuitwa kilo, usishangae siku utakapobadilishwa na kilo za bei nafuu.

Nilijiangalia na aibu kidogo. Mchumaji alipewa kile kipimo na mwajiri. Mimi nilikuwa nataka kukinunua na kujifunga nacho mwenyewe. Kama safari yangu ya asubuhi ni kasi tu, basi boda boda yoyote inanishinda, tena ikiwa na abiria wawili na kuku.

*

Kuna swali la pili ambalo mama hakulazimika kujiuliza, kwa sababu daftari lake liko chini ya godoro: nani mwingine anasoma?

Kifaa cha GPS chenyewe kinasikiliza tu. Satelaiti hazikujui, zinatangaza saa yao, nacho kinahesabu kutoka kwa nne au zaidi kiko wapi. Hadi hapo ni siri yako. Safari hutoka nje unapoiunganisha na simu na kuipakia kwenye programu. Januari 2018 dunia iligundua maana yake, pale ramani ya Strava iliyokuwa ikionyesha mazoezi ya watumiaji wake ilipoanika mizunguko ya askari ndani ya kambi za kijeshi, jangwani kabisa, mahali ambapo hakuna mtu mwingine anayekimbia na saa ya kisasa mkononi. Hakuna aliyevujisha siri. Walifanya mazoezi tu.

Sisi hatuna kambi, lakini tuna vinjia. Kuna kimoja kinachokata ndani ya shamba kubwa karibu na kwetu, kinachowapunguzia kina mama karibu saa nzima kwenda hospitali. Kwa karatasi ni marufuku. Kwa kweli, askari wa lango hugeuka kutazama upande mwingine akiona mtoto mgongoni. Kinjia hicho kinaishi kwa sababu hakijaandikwa popote. Mimi nimekipita na baiskeli mara kumi, na kifaa cha rafiki yangu kiliandika mara zote kumi. Laiti ningepakia, kingekuwa mstari mwekundu mzuri ambao mwendesha baiskeli yeyote wa Nairobi angeufuata wikendi, na Jumatatu lango lingefungwa.

Watu wa huku wana sababu ya kuogopa ardhi inapopimwa na wengine. Wakipsigis na Watalai waliondolewa kwenye sehemu ya ardhi hii na wakoloni ili chai ipandwe. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahususi ya kuwahamisha Watalai hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Kabla ya mche wa kwanza kulikuwa na mpimaji na ramani. Kuwa kwenye ramani kumewatoa watu wa Kibera gizani, na kuwa kwenye ramani kumewatoa wengine nyumbani kwao. Kilichotofautisha hayo mawili ni nani alishika kalamu.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na ni jambo jema. Lakini sheria inalinda data yangu. Kinjia si data yangu. Ni siri ya watu wengine ambayo mimi nimeibeba mfukoni bila kuombwa. Hilo hakuna sheria ya kulibeba kwa niaba yangu.

*

Basi nilifanyaje? Nilichukua daftari, nikafanya kama mama. Kabla ya kufungua ukurasa wowote niliandika ninachotaka kuuliza barabarani. Yakatoka mambo matatu. Niko wapi, nikipotea ndani ya chai ambako kila kona inafanana. Saa ngapi, ili nifike kabla ya mvua. Nimeenda umbali gani, kwa sababu napenda kujua, na raha ndogo si dhambi. Mapigo ya moyo hayakuwemo. Wati hazikuwemo. Mimi wa juzi hakuwemo.

Ukiwa na orodha kama hiyo, kununua ni kazi ya nusu saa. Nilitaka vitufe, ramani, betri ya siku nzima, na faili la safari ambalo naweza kulitoa kwa waya bila kupitia kwa mtu. Nilipata cha mtumba kwa 22,000 kutoka kwa jamaa wa Nairobi aliyekuwa anahama. Nikafuta kurasa zote za skrini, nikabakisha moja: ramani, saa, kilomita. Kupakia nimezima. Kama siku moja nitachangia barabara kwa OpenStreetMap, itakuwa murram ambayo lori la chai tayari linapita, na nitauliza wenye vinjia kwanza.

Orodha yako itakuwa tofauti. Kama unajiandaa kwa mashindano, sekunde ni swali lako halali, uliza sekunde. Kama daktari amekuambia uangalie moyo, angalia moyo. Nasema tu orodha iandikwe kabla ya kifaa kufika, kwa sababu kikishafika kina orodha yake.

Na mzee? Mama alimjua kabla sijamaliza kueleza. Kumbe kule kwenye kituo cha maziwa walishasikia: yule kijana wa helmeti alipita kama ndege. Kijiji kina satelaiti zake.

Nilienda Jumamosi. "Chamgei," nikasalimu, nikavua helmeti. Nilikuwa nimepiga hesabu: mtungi wa lita 20, shilingi 50 kwa lita. Nikamwomba msamaha kwa Kipsigis, ambacho kwangu kimeshika kutu kama ile mizani, na nikampa 1,000 kwa mikono miwili. Alizihesabu ingawa zilikuwa noti mbili tu. Akaingia ndani, akakaa, akarudi na noti ya 100.

"Zilikuwa lita 18," akasema. "Ng'ombe mmoja alipunguza siku hiyo."

Nikataka kukataa. Aliniangalia hadi nikapokea.

Kisha akainama kwenye usukani wangu akatazama kidude. Akauliza ni pesa ngapi, nikamwambia ukweli, akatoa sauti ile wazee wetu hutoa wakiona gari limeanguka. "Kinaonyesha mvua?"

"Hapana, mzee."

Akainua macho upande wa Mau, ambako mimi niliona mawingu ya kawaida tu. "Basi nenda saa hii, weri. Usisimame mahali."

Nilienda. Matone ya kwanza yalinikuta naingiza baiskeli barazani. Nikasimama chini ya paa nikifuta miwani, mabati yakianza kunguruma, mama akikimbia kuanua nguo. Jioni nilipolitazama faili la safari, nilikuta kwamba wakati huo wote kidude kilikuwa kimeandika nimepanda mita 14.